Abebe Bikila: Miguu ilikuwa mizima, waya ndio ulikatika

USIKU wa Machi 22, 1969, gari dogo aina ya Volkswagen liliacha njia karibu na mji wa Sheno, kaskazini mwa Addis Ababa, likapinduka. Dereva alikuwa peke yake. Alibanwa humo ndani usiku kucha, na watu walimkuta asubuhi.

Alipotolewa hakuweza kusogeza mguu wala mkono. Alikuwa Abebe Bikila, mtu mwenye miguu maarufu kuliko yote Afrika wakati huo. Gari lenyewe alikuwa amezawadiwa na Mfalme Haile Selassie kwa sababu ya miguu hiyo hiyo.

Kwa shabiki anayejua Simba na Yanga tu, ukubwa wa jina hili unaeleweka ukirudi nyuma kidogo. Bikila alizaliwa Agosti 7, 1932, katika kijiji cha Jato, familia ya wafugaji. Siku hiyo hiyo, kule Los Angeles, watu walikuwa wanakimbia marathoni ya Olimpiki. Alipokua akaingia kikosi cha walinzi wa mfalme, na huko ndiko alikokutana na kocha Onni Niskanen kutoka Sweden, aliyegundua kwamba askari huyu mwembamba hachoki.

Roma, Septemba 10, 1960. Hakuna aliyemjua. Viatu alivyopewa vilimbana, akaamua kukimbia peku kama alivyozoea mazoezini. Kilomita 42 na ushee juu ya lami na mawe ya mji wa kale, giza likiingia, pembeni yake amebaki Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco tu. Mwishoni akachomoka, pale pale ulipokuwa mnara wa Axum ambao Waitalia waliupora Ethiopia miaka ya 1930. Akamaliza kwa saa 2:15:16, muda bora duniani. Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa dhahabu ya Olimpiki, tena mguu mtupu, kwenye mji mkuu wa waliowavamia kwao. Kama huo si ushindi wa ugenini, basi haupo.

Ethiopia ya miaka ile ilikuwa moto kila mahali. Januari 1962 wakabeba Kombe la Mataifa ya Afrika nyumbani Addis Ababa, wakiwachapa Misri 4-2 kwenye muda wa nyongeza, nahodha akiwa Luciano Vassalo. Hata hivyo staa namba moja wa nchi alibaki kuwa yule mkimbiaji.

Tokyo 1964 alikwenda akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo wiki kama tano tu kabla. Safari hii alivaa viatu. Akashinda kwa saa 2:12:11, akaweka tena muda bora wa dunia, halafu badala ya kuanguka chini kama wenzake akalala kwenye nyasi akaanza kunyoosha viungo. Hakuna aliyekuwa ameshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Mexico 1968 mguu ukamgomea, akatoka baada ya kilomita 17 hivi, na Muethiopia mwenzake Mamo Wolde akachukua dhahabu. Ndiyo mbio ile ile ambayo Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka, goti likaumia, akafungwa bandeji na kumaliza wa mwisho zaidi ya saa moja nyuma ya mshindi. Watanzania wanaikumbuka siku ile kwa Akhwari. Wengi hawajui kwamba ndiyo ilikuwa mbio ya mwisho ya Olimpiki kwa Bikila. Miezi mitano baadaye ikaja ajali.

Tatizo halikuwa miguuni. Lilikuwa shingoni.

Ubongo ni kocha, misuli ni wachezaji. Maelekezo yanapita kwenye mishipa ya fahamu, na njia kuu ya mishipa hiyo imepita ndani ya mifupa ya uti wa mgongo, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Mfupa wa shingo ukihama, unaibana au kuikata njia hiyo. Wachezaji wako fiti uwanjani, kocha anapiga kelele, sauti haifiki. Ikikatika kiunoni, miguu inazimika. Ikikatika shingoni, na mikono nayo imo hatarini.

Mshipa wa fahamu wa mkononi au mguuni ukikatika unaweza kuota tena, taratibu, kama milimita moja kwa siku. Ule wa ndani ya uti wa mgongo hauoti. Ndiyo maana majeruhi wa ajali hapaswi kunyanyuliwa kwa kuvutwa kwapani na miguuni. Kijana akianguka na bodaboda huko Nyanungu, Tarime, wenye huruma wakamkalisha katikati ya watu wawili juu ya bodaboda nyingine kumkimbiza hospitali, shingo iliyoteguka kidogo inaweza kumalizikia njiani. Alazwe juu ya ubao, kichwa kishikwe kisicheze.

Ajali siyo adui pekee. Polio inaua chembe zinazoamrisha misuli, na mguu unasinyaa. Kisukari na ukoma vinaanza na ganzi, mtu anakanyaga msumari anauona jioni akivua kiatu. Bikila alivyopita Roma peku alilihisi kila jiwe. Unyayo usiohisi ni hatari kuliko unaouma.

Mfalme akamsafirisha Uingereza, hospitali ya Stoke Mandeville, ambako daktari Ludwig Guttmann alianzisha michezo ya walemavu ambayo ndiyo chimbuko la Paralimpiki. Kabla ya watu kama Guttmann, waliovunjika uti wa mgongo wengi walikufa kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Yeye aliamuru wagonjwa wageuzwe kila baada ya saa chache, usiku na mchana, na wapewe michezo kama dawa.

Bikila alikaa huko miezi minane. Mikono ilirudi. Miguu haikurudi tena.

Julai 1970 aliingia kwenye michezo ya Stoke Mandeville, kurusha mishale na tenisi ya mezani, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwaka 1971 alikwenda Norway kwenye michezo ya walemavu na akashinda mbio za kilomita 25 za kuvutwa na mbwa juu ya theluji. Mtu wa nyanda za Ethiopia, kwenye theluji! Munich 1972 alialikwa kama mgeni wa heshima, na Mmarekani Frank Shorter, aliyetoka kushinda marathoni, akamwendea kumpa mkono.

Oktoba 25, 1973 alifariki Addis Ababa kwa damu kuvuja kwenye ubongo, tatizo lililohusishwa na ile ajali ya miaka minne nyuma. Alikuwa na miaka 41. Maelfu kwa maelfu walijitokeza kumzika, mfalme mwenyewe akiwamo. Uwanja mmoja wa Addis Ababa umepewa jina lake, na unachezewa mpira.