Kanysh Satpayev, mutu aliyehesabu shaba ya Kazakistani

Sisi watu wa Katanga hatuko peke yetu katika habari ya shaba. Kule katikati ya Azia, mu inchi ya Kazakistani, kuko muji unaoitwa Zhezkazgan. Katika luga ya Wakazaki, jina hilo maana yake ni mahali shaba ilichimbwa. Wazee wao walichimba na kuyeyusha shaba pale tangu zamani sana, kama vile wakula shaba wa kwetu mbele ya wazungu kufika. Lakini mutu aliyeonyesha ukubwa wa ile mali njo Kanysh Satpayev.

Alizaliwa mwaka 1899 upande wa Bayanaul, wakati mufalme wa Urusi alitawala inchi yao. Kijana huyo alipata ugonjwa wa kifua kikuu, akarudi nyumbani, akafanya kazi ya muamuzi. Mwaka 1921 profesa wa jiolojia Mikhail Usov alifika Bayanaul kujitunza kwa maziwa ya farasi. Walizungumza habari ya mawe, na Satpayev akamufuata Tomsk, kule Siberia, kwa masomo. Mwaka 1926 akatoka na diploma ya enjenia.

Serikali ya Wasovieti ikamutuma upande wa Zhezkazgan. Mbele ya mapinduzi ya 1917, kompanyi ya Waingereza ilianza kujenga kiwanda pale Karsakpay, lakini iliondoka bila kukimaliza. Wakubwa wengi waliamini kwamba shaba ni kidogo: kiwanda kidogo kingetosha, halafu mashimo yangeisha. Satpayev alikataa.

Hakushindana nao kwa maneno tu. Alileta mashini za sondaje. Ninyi wa shimoni munajua kazi hiyo: bomba linatoboa mwamba na kutoa karoti ya jiwe. Kila karoti inapimwa, inapelekwa laboratware, na hesabu inaandikwa. Tundu moja haliseme kitu. Lakini matundu mengi yakipangwa kwenye karte, unaona mwamba wa shaba unaanzia wapi, unene wake, na unaishia wapi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 walimukatia feza za sondaje. Hakuacha. Alisafiri mpaka Moscow, akagonga milango ya ofisi moja kisha ingine. Mwaka 1934, mukutano wa Akademia ya Sayansi kule Moscow ulimuunga mukono. Njia ya treni ikafika, mashimo yakapanuka, na Zhezkazgan ikahesabiwa kati ya mahali penye shaba nyingi sana duniani.

Ile miaka ilikuwa ya machozi. Serikali ilinyanganya Wakazaki mifugo yao, na kati ya 1930 na 1933 watu zaidi ya milioni moja walikufa kwa njaa. Mwaka 1937 watu wa jamaa ya Satpayev walikamatwa na kuuawa. Yeye alibaki hai, akaendelea na kazi.

Vita ilipofika, Wajerumani waliteka manganezi ya Nikopol, mu Ukraine. Bila manganezi, chuma cha vifaru hakipatikane. Satpayev alijua kwamba kuko manganezi pale Zhezdy, karibu na Zhezkazgan. Mwaka 1942 shimo likafunguliwa haraka sana. Watu wa Kisenge wanaelewa uzito wa jambo hilo.

Mwaka 1946 Kazakistani ilipata Akademia yake ya Sayansi, na Satpayev akawa prezida wake wa kwanza. Alitaka sayansi ifanywe kule kule mali inapotoka, na watoto wa inchi wawe maenjenia. Alitetea pia mufereji wa kutoa maji mutoni Irtysh mpaka Karaganda, zaidi ya kilometa 400. Leo mufereji huo unaitwa kwa jina lake.

Lakini wenye wivu walimuchongea juu ya jamaa yake ya zamani, na mwaka 1951 akaondolewa kwenye kiti. Mwaka 1955 akarudishwa. Alikufa tarehe 31 Januari 1964.

Haifae tusahau wengine. Wafungwa walitumikishwa kujenga na kuchimba pale. Mwaka 1954 wafungwa wa kambi ya Kengir, karibu na Zhezkazgan, waliasi siku 40, kisha vifaru vikaingia na kuwaua wengi. Mali iliyohesabiwa vizuri haimaanishe kwamba imegawanywa vizuri.

Hata hivyo, Satpayev aliachia inchi yake kitu hakiibiwe: hesabu. Mutu asiyejua kilicho chini ya udongo wake anapokea bei anayotajiwa na mugeni. Anayejua, anaweza kubishana. Mzazi mwenye mutoto anayependa hesabu na mawe, asimukataze masomo. Karibu na Zhezkazgan kuko muji wa wachimbaji unaoitwa Satbayev. Waliupa jina la mutoto wa wafugaji aliyesoma.