Abdulrahman Babu: Karani wa Karafuu Aliyeona Soko Likifungwa na Kufunguliwa

Desemba ya mwaka 1963 nchi mbili za pwani yetu zilipata uhuru kwa kupishana siku mbili tu: Zanzibar tarehe 10, Kenya tarehe 12. Baada ya hapo kila moja ilishika njia yake. Kenya ilibaki na soko. Mashamba ya walowezi katika Bonde la Ufa, hata yale ya Subukia na Kabazi huko Nakuru, yalikuwa ya kununuliwa. Asiyekuwa na fedha alikopa, au alichanga na wenzake, au alikosa. Zanzibar ilipindua serikali Januari 12, 1964, ikatwaa ardhi na kuwagawia wananchi eka tatu tatu. Miaka ishirini baadaye Zanzibar nayo ikarudi sokoni. Katika habari hiyo yote, jina la marehemu Abdulrahman Mohamed Babu halikosekani.

Babu alizaliwa Unguja mwaka 1924. Ujanani alikuwa karani katika chama cha wakulima wa karafuu. Hapo ndipo kijana huyo alipojionea jambo ambalo kila Mpemba analijua: mkulima hupanda, huchuma na huanika, lakini bei hupangwa na mtu mwingine aliye mbali. Mwaka 1951 alikwenda London, akafanya kazi ya posta na kusoma. Huko ndiko alikoukumbatia Umarx.

Aliporejea mwaka 1957 alishika ukatibu mkuu wa chama cha Hizbu. Mwaka 1959 alifika Uchina, safari ambayo viongozi wachache mno wa Afrika Mashariki walikuwa wameifanya wakati huo. Waingereza walimfunga mwaka 1962 kwa kosa la uchochezi. Alipotoka, aliachana na Hizbu na mwaka 1963 akaunda chama cha Umma, kilichowavuta vijana wengi wa mjini.

Baada ya mapinduzi alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Zanzibar ikawa rafiki wa nchi za kikomunisti. Ujerumani ya Mashariki ilitambuliwa mapema, na mafundi wake wakaja kujenga nyumba za ghorofa mjini. Ulipokuja Muungano wa Aprili 1964, Babu alihamia serikali ya Dar es Salaam, akashika wizara kadhaa, zikiwamo za biashara na mipango ya uchumi. Alichangia sana kuifungua milango ya Uchina, ambayo baadaye ilijenga reli ya kwenda Zambia.

Visiwani, biashara ilikuwa imeingia mikononi mwa dola. Karafuu ziliuzwa kwa shirika la serikali peke yake, kwa bei ya serikali. Mchele na sukari vikawa vya kupimiwa, na watu wakazoea foleni. Palipo na foleni hapakosi magendo. Karafuu za Pemba zilivushwa usiku kuja upande wa Kenya kutafuta bei nzuri, na aliyekamatwa alikiona cha mtema kuni.

Februari 1972 Babu aliondolewa uwaziri. Aprili 7 mwaka huo Rais Karume alipigwa risasi na kufa, na Babu akakamatwa. Mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo bila ya yeye kuwapo, kwa maana Mwalimu Nyerere alikataa kumpeleka visiwani. Alikaa gerezani bara mpaka mwaka 1978.

Huko kifungoni aliandika kitabu kilichochapishwa mwaka 1981. Ndani yake aliushutumu ule ulioitwa ujamaa wa Kiafrika. Hoja yake ilikuwa hii: nchi iliyojishughulisha na kugawana kabla ya kuzalisha itagawana umaskini. Kutaifisha peke yake hakutoshi, ikiwa zao bado linauzwa nje ghafi na shoka, nguo na bati bado vinaagizwa kutoka ng'ambo. Maneno hayo yalikuwa mazito, kwa kuwa mwenyewe alikuwa mmoja wa mawaziri wa serikali ile.

Ikasadifu kwamba mwaka ule ule wa 1978 alipoachiwa huru, Uchina aliyoipenda ilianza kulegeza kamba za uchumi wake. Zanzibar ilifuata. Mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa visiwa, wafanyabiashara waliruhusiwa kuagiza bidhaa, na maduka ya Darajani yakajaa vitu vya Dubai. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na mwaka 1991 Azimio la Zanzibar likalegeza masharti ya uongozi yaliyowekwa Arusha mwaka 1967. Ujerumani ya Mashariki ilikuwa imekwisha toweka mwaka 1990, lakini ghorofa zake za Michenzani zimebaki.

Babu, aliyekuwa akifundisha Marekani na kisha akaishi London akiandika magazetini, hakushangilia. Alitaka watu wawe huru kusema na kuchagua viongozi wao, lakini aliyapinga masharti ya wakopeshaji. Duka kujaa si nchi kuzalisha. Na karafuu, zao ambalo alianza nalo ukarani, zilibaki chini ya shirika la serikali hata baada ya kila kitu kingine kuachiwa.

Alifariki London Agosti 5, 1996. Wako wanaomlaumu kwa yaliyowapata jamaa zao baada ya mapinduzi, na msiba wa mtu haupimwi kwa mizani ya siasa. Lakini hata hao, wakienda dukani na kukuta kila kitu kimetoka ng'ambo, watalikuta swali lake liko pale pale. Mwenyezi Mungu amrehemu, na awarehemu wote waliotangulia.