Adrian Atiman: Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akatibu watu Karema miaka 67

Wasafiri wa Tunduma wanaokwenda Sumbawanga wengi wanaijua Hospitali ya Dk. Atiman. Ukiwauliza huyo Atiman ni nani, wengi hudhani ni Mzungu. Hapana. Alikuwa Mwafrika, na tena alikuwa mtumwa.

Alizaliwa miaka ya 1860 kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, nchi ambayo leo ni Mali. Kijiji chao kiliitwa Tundurma. Ndiyo, jina linakaribia kabisa la mji wetu, ingawa kati ya pale na hapa kuna nusu ya bara zima.

Akiwa bado mtoto mdogo aliibwa, akauzwa Timbuktu, akavushwa jangwa la Sahara. Mzazi yeyote anayesoma hapa aitafakari safari hiyo kidogo: mtoto wa umri wa darasa la pili au la tatu, hajui anakopelekwa, mama yake hajui alipo.

Mwaka 1876, huko Metlili kusini mwa Algeria, mapadre wa shirika la Mapadre Weupe walimlipia, wakamkomboa. Akasomeshwa, akabatizwa, akapewa jina la Adrian. Mkuu wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo lake: Waafrika watibiwe na Waafrika wenzao, na daktari huyohuyo awe katekista. Vijana waliokombolewa wakapelekwa kisiwani Malta kusomea udaktari. Atiman alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1888 akaanza safari ya kuja huku kwetu. Kutoka pwani ilikuwa ni miguu tu, miezi kadhaa, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoa wa leo wa Katavi. Misheni ilikuwa ndani ya ngome ya zamani ya Wabelgiji waliyoiachia mapadre mwaka 1885.

Sasa hapa ndipo habari yenyewe ilipo. Biashara ya watumwa ilikuwa bado haijafa. Ukanda wote huu, kuanzia Unyiha na Unamwanga hadi Ufipa na ng'ambo ya ziwa, watu walikuwa wanaishi ndani ya maboma kwa kuogopa kutekwa. Na pale misheni Karema kulikuwa na watoto yatima walionunuliwa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ili wawe huru. Yaani kijana aliyekombolewa Sahara alikuta mbele yake watoto wenye historia ileile ya kwake. Angeweza kukimbia kumbukumbu zile, nani angemlaumu? Badala yake aliamka kila siku akawafunga vidonda.

Akamuoa Agnes, binti wa Kibemba. Wazee wa Unamwanga mnajua Wabemba walivyosumbua upande huu enzi zile. Kumbe kutoka kabila hilohilo ndiko nyumba yake ilikopata mama. Mtoto wao Joseph alipewa upadre mwaka 1923, miongoni mwa mapadre Waafrika wa mwanzo kabisa nchini.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, kwa hiyo miaka ishirini na mitano ya kwanza dawa zilikuja kwa vichwa vya wapagazi. Ikaja ndui. Ukaja malale, ugonjwa uliomaliza watu wengi kandokando ya ziwa. Ikaja vita kuu ya kwanza, Wajerumani wakaondoka, Waingereza wakaingia. Serikali zilibadilika, daktari akabaki yuleyule.

Kwa miaka yote hiyo alikuwa pia anafundisha dini. Mgonjwa aliyekuja na jipu aliondoka na dawa na pengine na somo la katekisimu. Alipomwambia mgonjwa kwamba Mungu hajamwacha, hakuwa anasoma tu kitabuni. Yeye mwenyewe aliwahi kuwa na bei.

Kwao Niger hakurudi kuishi. Alibaki Karema hadi kifo chake mwaka 1956, miaka mitano kabla ya Uhuru, akiwa mzee wa karibu miaka tisini. Alikuwa ametibu watoto, halafu watoto wa watoto hao, halafu wajukuu zao.