Sir Humphry Davy, Aliyetoa Metali Katika Chumvi

Wengi wanaomtaja Sir Humphry Davy humkumbuka kwa ile taa ya mwaka 1815 aliyowatengenezea wachimba makaa ya mawe ili wasilipukiwe na gesi mashimoni. Ni kazi njema, nami siidharau. Lakini kwa maoni yangu kazi yake iliyo kubwa zaidi aliifanya miaka minane kabla ya hapo, nayo yahusu chumvi, umeme na joto.

Alizaliwa tarehe 17 Desemba 1778 katika mji wa Penzance, kusini-magharibi ya Uingereza. Baba yake, mchonga mbao, alifariki mwaka 1794 akaacha madeni. Mwaka uliofuata kijana akawekwa kwa tabibu ajifunze kazi, naye alikuwa mdogo kuliko sisi wa Kidato cha Nne. Kemia alijifundisha mwenyewe vitabuni. Mwaka 1798 alikwenda Bristol kuchunguza gesi, na mwaka 1801 akaitwa Royal Institution ya London, ambako watu walijazana kumsikiliza.

Wakati huo betri ya Volta ilikuwa mpya, maana ilitangazwa mwaka 1800. Davy akataka kujua kama umeme waweza kuigawanya potashi, ile dawa kali itokayo katika majivu ya miti. Aliichanganya na maji; umeme ukayatenganisha maji tu, akapata haidrojeni na oksijeni. Akaijaribu ikiwa kavu kabisa, umeme haukupita. Basi mwezi wa Oktoba 1807 aliiacha hewani kwa sekunde chache ipate unyevu kidogo tu, akaiweka juu ya kisahani cha platini, akaunga nyaya. Umeme ukaipasha moto hata ikayeyuka, na upande wa chini vikatokea vitone ving'aavyo kama zebaki, vingine vikiripuka na kuwaka papo hapo. Hiyo ndiyo potasiamu. Binamu yake aliyemsaidia alisimulia kuwa Davy alirukaruka chumbani kwa furaha. Siku chache baadaye akapata sodiamu.

Mwaka 1817 Arfwedson wa Sweden aligundua lithiamu ndani ya jiwe, lakini metali yenyewe hakuipata. Davy aliipata mwaka 1818 kwa umeme, chembe ndogo tu. Bunsen na Matthiessen walipata ya kutosha mwaka 1855, kwa kuyeyusha kloridi ya lithiamu, ambayo hudai joto la nyuzi zaidi ya 600.

Hapa ndipo kazi ya Davy inapotufikia sisi. Ziko chumvi ambazo ni majimaji bila ya moto. Mwaka 1914 Paul Walden alieleza moja iyeyukayo kwenye nyuzi 12. Leo wataalamu huzijaribu chumvi za namna hiyo katika betri ambazo lithiamu tupu hujipaka juu ya bamba wakati wa kuchaji, kwa sababu haziwaki upesi kama vimiminika vya betri za kawaida. Lakini zikiwa baridi huwa nzito kama asali. Lithiamu hupita humo kwa taabu, nayo huelekea kuota kama sindano badala ya kutandaa. Sindano ikifika upande wa pili, betri hupata moto na yaweza kuungua. Chumvi ikipashwa joto kiasi huwa nyepesi, na metali hukaa kwa vipande vinene vya mviringo. Joto likizidi, metali hiyo kali huila chumvi yenyewe, na kwenye nyuzi 180 hivi lithiamu huyeyuka. Kwa hiyo Davy alitafuta joto la kuyeyusha chumvi, na hawa wa leo wanatafuta kipimo chake.

Davy mwenyewe hakuona betri za namna hiyo. Mwaka 1812 alipewa cheo cha Sir, na mwaka huo huo mripuko wa maabara ukamwumiza macho. Mwaka 1813 alimwajiri kijana Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, ambaye baadaye alieleza kwa hesabu ni kiasi gani cha metali hutolewa na kiasi fulani cha umeme. Davy alifariki Geneva tarehe 29 Mei 1829, umri wake miaka 50, akazikwa huko huko.