Churchill na Sigara Yake Nene

Winston Churchill, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1874, alifika Kuba mwaka 1895 akazidi kuzipenda sigara nene za huko. Oktoba 1907 alishuka Mombasa, akiwa naibu wa Waziri wa Makoloni.

Alikuwa akiitafuna sigara hata ikalowa mate. Basi baadaye akabuni utepe wa karatasi ya kahawia, akiuzungusha kwenye ncha kabla ya kuitia mdomoni. Kisahani chake cha fedha cha majivu alisafiri nacho, kama wazee wetu wa Ukunda na vijaluba vyao vya tambuu.

Alifariki Januari 1965, umri miaka 90. Vijana, umri huo usiwahadae: nimewazika hapa wavutaji wasiofika nusu yake.