Clemente na Orodha ya Dodgers

Marehemu Roberto Clemente, mwana wa kisiwa cha Puerto Rico aliyezaliwa mwaka 1934, twamkumbuka leo kwa ajili ya orodha ambayo jina lake halikuwamo.

Mwaka 1954 klabu ya besiboli ya Dodgers, huko Brooklyn, Marekani, ilimsajili kwa dola 10,000. Kanuni ya siku hizo ilikuwa wazi: kijana aliyelipwa zaidi ya dola 4,000 asipowekwa katika timu ya kwanza, klabu nyingine yaweza kumchukua msimu ukiisha. Dodgers walikuwa na wachezaji wazoefu tele, nao hawakumpa nafasi. Walimpeleka timu yao ya chini mjini Montreal, na huko mara nyingi akakalishwa benchi. Wengi husema alikuwa akifichwa. Kama ndivyo, hakufichika. Novemba mwaka huo Pirates ya Pittsburgh, iliyokuwa imeshika mkia na hivyo kupewa haki ya kuchagua kwanza, ilimtwaa kwa dola 4,000.

Sisi twaona kuwa Dodgers hawakukosa macho, maana kipaji walikiona na kukilipia. Walimpima mtu kwa kiti kilicho wazi siku ile.

Pittsburgh alicheza misimu 18, akatwaa ubingwa mwaka 1960 na 1971, na kufikisha mapigo 3,000 yaliyofaulu. Tarehe 31 Desemba 1972 alipanda ndege yenye misaada ya waathirika wa tetemeko la Managua. Alikwenda mwenyewe, kwa kuwa alisikia misaada ya awali haikuwafikia walengwa. Ndege ilianguka baharini, karibu na kisiwa chake.