Mpweke wa Mwadui na nguvu za mtu mzima mwenye usonji

Ukitoka Shinyanga mjini kuelekea Mwanza, ukifika Maganzo kuna njia inayokata kwenda Mwadui. Abiria wengi wanajua kwamba huko kuna almasi. Wachache wanajua aliyelianzisha shimo lile alikuwa mtu wa namna gani, na wiki hii ninataka tumtazame mtu huyo kwa jicho la afya, almasi zake tuziache kwanza.

Jina lake ni John Thoburn Williamson. Alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal alilenga kusoma sheria. Likizo moja akafuatana na wanajiolojia kwenda Labrador, nchi ya baridi na mawe, na aliporudi sheria ilikuwa imemtoka moyoni kabisa. Kuanzia hapo ikawa ni mawe asubuhi, mchana na jioni, hadi mwaka 1933 alipopata shahada ya uzamivu katika jiolojia.

Waliomfahamu walimweleza kuwa mtu mwenye haya, asiyependa mikusanyiko, mkaidi anapoamini jambo, na mwenye kazi moja tu kichwani. Hakuoa. Hata alipokuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa wakati wake, waandishi wa magazeti walipata shida kumwona.

Hapa inabidi niweke tahadhari, maana najua baadhi ya wasomaji wangu wameshaanza kutoa jibu. Hakuna daktari anayeweza kumpima marehemu. Usonji hauonekani kwenye kipimo cha damu wala picha ya eksirei. Unatambuliwa kwa kuzungumza na mtu, kumtazama, na kusikiliza historia yake tangu utotoni, ikiwezekana kutoka kwa mama yake au shangazi yake. Williamson hakupata nafasi hiyo. Alikuwa na miaka 36 wakati Leo Kanner, daktari wa magonjwa ya akili ya watoto huko Baltimore, Marekani, alipochapisha maelezo ya watoto 11 mwaka 1943, na mwaka uliofuata Hans Asperger akaandika ya kwake kutoka Vienna. Kwa hiyo simwiti Williamson mtu mwenye usonji. Ninachochukua ni tabia zake zinazojulikana, kwa sababu zinafanana mno na zile ninazozikuta kliniki kwa watu wazima, na kwa sababu yeye aliziishi hapahapa Usukumani.

Baada ya masomo alikuja Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo, kisha katikati ya miaka ya 1930 akaingia Tanganyika kuajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, upande wa Misungwi. Mgodi ule ulikuwa mdogo na ulikuwa unafifia. Kampuni ilipokata tamaa, waajiri wakafunga mizigo. Williamson akabaki. Alichukua haki za utafutaji kwa jasho na mfuko wake mwenyewe, akaingia porini.

Kazi aliyoifanya kwa miaka iliyofuata ingemchosha karibu kila mtu. Unachota udongo mahali fulani, unauchekecha, unauosha, unatazama chembe nzito zinazobaki chini. Hutafuti almasi yenyewe, maana hiyo ni adimu mno. Unatafuta madini yanayosafiri nayo, kama ilmenaiti, chembe nyeusi zisizo na thamani yoyote sokoni. Zikionekana, unaandika, unasogea hatua kadhaa, unachota tena. Zikiongezeka, unafuata. Zikipungua, unarudi nyuma. Siku, wiki, miezi. Fedha zikaisha. Malaria ikamwandama. Wenye busara zao walimwona amepotea. Mwezi Machi 1940 akafika Mwadui, juu ya mwamba wa kimbalaiti wenye eneo la hekta 146, mkubwa kuliko karibu yote inayojulikana kuchimbwa duniani.

Wapo wanaosimulia kwamba jiwe la kwanza liliokotwa chini ya mbuyu, na wapo wanaosema gari lilikwama kwenye tope. Hadithi za bahati ni tamu kusimulia. Lakini gari likikwama kwa mtu ambaye hajatazama chembe nyeusi kwa miaka, anachoona ni tope tu.

Tabia hii ya kuzama katika jambo moja ina maelezo ya kitaalamu. Mwaka 2005 Dinah Murray na wenzake huko Uingereza walipendekeza kwamba umakini wa mtu mwenye usonji huelekea kukusanyika mahali pamoja. Mimi huwaeleza ndugu wa wagonjwa hivi: akili za wengi wetu ni kandili, inamulika chumba kizima lakini kwa mwanga hafifu. Akili ya mwenye usonji ni tochi. Kilicho nje ya mwanga wake hakionekani, ndiyo maana anaweza kusahau kula au asisikie ukimwita. Kilicho ndani ya mwanga anakiona kuliko mimi na wewe. Zamani kidogo, mwaka 1983, Amitta Shah na Uta Frith waliwapa watoto mtihani wa kutafuta umbo dogo lililofichwa ndani ya picha kubwa. Watoto wenye usonji waliwapita wenzao wa uwezo ule ule wa akili. Wanaona kipande pale sisi tunapoona picha nzima.

Nenda kwenye maeneo ya dhahabu, Geita, Katoro, Nyarugusu, utawakuta watu wa aina hii wakiwa kazini bila jina lolote la kitabibu. Kuna yule anayekaa kwenye mzani na hakosei hata pointi, anakumbuka mzigo wa kila mteja tangu mwaka juzi. Kuna fundi wa karasha anayejua beringi inakaribia kufa kabla haijapiga kelele. Hawa ndio watu ambao tajiri wa duara huwaamini kwa sababu hawajui kudanganya. Uaminifu wa namna hii nauona mara nyingi: mtu anasema kilichopo, kama kilivyo, hata pale ambapo kunyamaza kungemsaidia. Na hapo ndipo balaa lake linapoanzia, kwa kuwa siku moja atamwambia tajiri mbele ya watu kwamba hesabu zake ni za uongo.

Williamson naye alikuwa na jambo kama hilo. Biashara ya almasi duniani ilikuwa mikononi mwa De Beers, nao walitaka almasi za Mwadui zipite kwao kwa masharti yao. Kila mfanyabiashara mwenye akili za kawaida angesoma alama za nyakati mapema. Yeye aliona masharti hayana haki, akakataa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kuna kipindi aliamua kuzihifadhi almasi zake badala ya kuzipeleka kwa bei asiyoikubali, mpaka wakaelewana upya. Unaweza kuuita ukaidi. Mimi nauita kutoyumbishwa na macho ya watu, sifa ambayo watu wengi wenye usonji wanayo, kwa sababu shinikizo la kundi halina nguvu sana kwao.

Sasa niseme kile ambacho vitabu vingi hukipita haraka. Williamson hakufanikiwa peke yake. Waliochimba, waliochekecha na kuosha ule udongo walikuwa vibarua Waafrika, wengi wao Wasukuma, na majina yao hayakuandikwa. Halafu kulikuwa na I. C. Chopra, mwanasheria wa Mwanza mwenye asili ya India. Chopra alimsaidia kwa fedha na kwa sheria katika siku ngumu, akapata hisa katika kampuni, akashughulika na mambo ya serikali, mikataba na watu. Kwa macho ya daktari, huyu Chopra ndiye nusu ya dawa. Mtu mwenye tochi anahitaji mtu mwenye kandili pembeni yake.

Mfano mwingine unatoka Mississippi, Marekani. Mtoto wa kwanza katika wale 11 wa Kanner aliitwa Donald Triplett. Wazazi wake waliwahi kumweka katika taasisi ya malezi, kisha wakamrudisha nyumbani katika mji mdogo wa Forest. Alikua, akasoma chuo, akafanya kazi benki kwa miaka mingi mno, akacheza gofu, akatembea nchi nyingi peke yake. Alifariki mwaka 2023 akiwa na miaka 89. Familia yake ilikuwa na fedha, hilo tusilifiche. Lakini pia mji mzima ulikuwa umemzoea na kumwacha awe alivyo.

Je, huku kwetu tunawaacha wawe walivyo? Usukumani salamu ni jambo zito. Asubuhi ni mwangaluka, jioni ni mwadila, na baada ya hapo zinafuata habari za nyumbani, za ng'ombe, za mvua, ukoo kwa ukoo. Kijana anayepita bila kuamkia, au anayejibu akitazama ukutani, huambiwa ana dharau. Akizidi, huambiwa amerogwa. Nimepokea vijana waliofikishwa hospitali baada ya miaka ya kuzungushwa kwa waganga, wenye alama za chale kifuani, ambao tatizo lao kubwa lilikuwa kwamba kelele za minada ziliwaumiza masikio na hawakujua namna ya kuanzisha mazungumzo. Mzungu tajiri mwenye shahada ya uzamivu akijifungia nyumbani kwake Mwadui na kukataa wageni, watu walisema ni tabia yake, ana mambo yake. Kijana wa Kishapu akifanya vivyo hivyo ni kichaa. Tabia ni ile ile. Kilichobadilika ni rangi, fedha na mamlaka ya kikoloni yaliyosimama nyuma ya mmoja wao.

Utafiti mmoja wa mwaka 2020, ulioongozwa na Catherine Crompton wa Edinburgh, unanisaidia sana ninapozungumza na wazazi. Watu walipangwa kupokezana hadithi, wa kwanza anamsimulia wa pili, wa pili anamsimulia wa tatu, na kuendelea. Kundi la watu wenye usonji watupu lilihifadhi hadithi vizuri sawa na kundi la wasio na usonji. Hadithi ilivurugika zaidi katika kundi la mchanganyiko. Maana yake ni kwamba si kweli kuwa wao hawajui kuwasiliana. Daraja kati yetu na wao ndilo bovu, na daraja lina pande mbili.

Nisieleweke vibaya. Si kila mwenye usonji ana kipaji kikubwa, na wapo watu wazima wasiozungumza kabisa, wanaohitaji kulishwa na kuogeshwa maisha yao yote. Nao wana haki zao hata kama hawatagundua chochote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji, na ndani ya idadi hiyo kuna watu wa kila namna. Pia wanaojitahidi kuficha hali yao ili wafanane na wengine hulipa gharama: sonona na wasiwasi vinawapata zaidi kuliko watu wengine. Kutaja nguvu zao bila kutaja uchovu huo ni kuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Turudi Mwadui. Mwaka 1947 lilipatikana jiwe la waridi lenye karati 54.5, na Williamson akalitoa zawadi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alipoolewa mwaka huo. Lilipokatwa lilibaki karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua. Wakati huo Mwadui ilikuwa mji kamili, una hospitali, shule na nyumba za wafanyakazi. Mwenyewe aliendelea kukaa humo humo katikati ya mawe yake.

Alifariki Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na miaka 50. Mwaka huo huo hisa ziliuzwa, nusu kwa De Beers na nusu kwa serikali ya Tanganyika.

Saratani hiyo inanipa sababu ya kumalizia na jambo la kliniki. Watu wazima wenye usonji mara nyingi huchelewa kufika hospitali. Wengine maumivu wanayahisi tofauti, au wanayahisi lakini hawajui kuyataja, au foleni yenye kelele na taa kali inawashinda wanarudi nyumbani. Ukiwa na ndugu wa namna hii na sauti yake imekwaruza zaidi ya wiki tatu, au anameza kwa shida, au ana uvimbe shingoni usioisha, usisubiri alalamike. Mpeleke asubuhi na mapema kabla foleni haijajaa. Mwandike dalili zake kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani, na mwombe daktari aulize maswali mafupi ya moja kwa moja: ni wapi, tangu lini, mara ngapi kwa siku. Swali kama unajisikiaje linaweza kumfanya anyamaze kabisa. Na kama ni usonji wenyewe unaotaka uchunguzwe, hata kama mtu ana miaka 40, anzia kwa daktari wa hospitali ya wilaya, mwombe rufaa ya kliniki ya afya ya akili, na uende na mtu anayekumbuka utoto wake.